Mama wa Namba Tano Hakutaka Kushukuriwa

Ukimpelekea sahani ya maandazi, alipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa na kufunga mlango bila kusema neno. Kesho yake sahani ilirudi imeoshwa, ina matango ya chumvi juu yake, na hapo pia kimya. Na wewe ukijisahau ukasema asante, alikunja uso kana kwamba umemkanyaga kidole. Miaka sita tumekaa jengo moja pale Doonside, huku Australia, yeye chini, namba tano, mimi orofa ya pili, na kwa muda mrefu nilimhesabu mtu mkavu asiye na adabu. Nilimsema sana. Nilimsema kwa Papa Deo wa namba tisa, nilimsema mpaka kanisani, Mungu anisamehe.

Sote tulimwita hivyo, Mama wa Namba Tano. Jina lake nalijua, lakini hakupenda liandikwe popote, hata kwenye sanduku la barua palikuwa na namba tupu. Basi nami siliandiki. Alikuwa Mrusi, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, mfupi, wa koti moja la kijani kiangazi na masika. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, changu ni cha kazini, tukakutana katikati. Maneno yake ninayoyaweka hapa kwa Kiswahili nimeyatoa huko.

Kitu kimoja tu alikitaka duniani, nakisema mapema usije ukahangaika. Kwao, katika mji wake, alikuwapo mwanamume mmoja gerezani, na Mama wa Namba Tano alitaka mstari mmoja kutoka kwake. Mmoja tu. Kila Jumamosi asubuhi alikaa mezani, akachora mistari kwenye karatasi nyeupe kwa rula yake ya mbao, akamwandikia. Akimaliza aliipiga picha barua, akaituma kwa mama mmoja kule kwao aliyezikusanya barua za watu wa mbali, akazichapa na kuzitia posta. Barua zilikwenda. Jibu halikuja mwaka wa kwanza, wala wa pili, wala wa tatu.

“Unamwandikia nini?” nilimuuliza.

“Ndege.”

Ni kweli. Barua za gerezani husomwa na mtu mwenye kalamu ya wino mweusi, na kila asichokipenda hukifuta. Kwa hiyo aliandika habari za wale ndege weupe wa midomo mirefu wanaopekua mapipa yetu. Leo ndege kamnyang'anya mtoto chipsi. Leo ndege wawili wamegombania ganda la ndizi, aliyeshinda hakulila. Nikamwambia, mama, mtu yuko kifungoni unampelekea habari za jalala? Akasema hilo ndilo linalofika.

Simu aliichukia, akisema ina masikio. Akitaka kuzungumza jambo la maana aliitia kwenye friji, kati ya maziwa na siagi, akatoka nje kwenye kamba za kuanikia nguo nyuma ya jengo. Huko ndiko alikonisimulia mengi, kidogo kidogo, vibanio vya nguo mkononi. Lakini hazipiti dakika kumi utamwona huyoo, anakimbilia ndani kufungua friji aangalie kama kuna ujumbe. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Yeye hakucheka.

Na mkono wake! Kila alipotoka, hata kama ni kwenda kwa daktari wa meno, aliandika namba ya simu ya binti yake juu ya mkono, kwa kalamu ya wino, chini ya mkunjo wa kiwiko. Nilidhani ni uzee. Kumbe ndivyo walivyofanya kwao walipotoka kwenda kusimama barabarani. Ukikamatwa simu inachukuliwa, karatasi inachukuliwa, lakini mkono unabaki nao, na juu yake namba ya wakili. Kwa jinsi alivyoisugua ile namba jioni kwa sabuni, ungesema anavua nguo ya kazi.

Mambo yao yalianzia kwenye bustani. Kati ya magorofa yao palikuwa na bustani ndogo yenye miti mikubwa, na asubuhi moja waliamka wakakuta imezungushiwa uzio, panajengwa. “Mti hauna siasa,” alikuwa akisema. “Uzio ndio unayo.” Watu waliopanda ngazi moja ya jengo miaka thelathini bila kusalimiana wakaanza kuulizana majina. Wakafungua gurupu kwenye simu. Kila ngazi ya jengo ikawa na mtu wake wa kuitolea habari, na yeye, kwa kuwa alifundisha watoto wa nusu ya mtaa, akapewa kulishika gurupu lenyewe, kuamua nani aingie. Mlangoni mwa gurupu aliweka swali moja: paka wa ngazi ya pili ana rangi gani? Mkazi wa pale anajua, mgeni hajui. Paka alikuwa mwekundu, mkia mweupe.

Aliyeona lori la ujenzi linakuja aliandika neno moja tu, chai, na watu wakashuka na chupa zao za chai ya moto kwenye theluji, wakasimama mbele ya uzio. Waliokamatwa walikuwa na zamu ya watu wa kuwafuata mpaka kituo cha polisi na mkate na maji, wakawangoja nje hadi wa mwisho atoke. Mtu asiachwe atoke peke yake, hiyo ilikuwa sheria yao.

“Mlipendana sana,” nikamwambia.

“Hata kidogo!” Alishtuka kweli. “Bibi wa kanisa hakuweza kumtazama kijana wa nywele za buluu. Mwanajeshi mstaafu alinichukia kwa sababu nilimpa mwanawe alama mbili za hesabu. Lakini mwanajeshi alishika ngazi, kijana akapanda, akafunga bango juu ya mti, na bibi akawaombea wote wawili wasianguke.”

“Mkashinda?”

“Sasa kuna magorofa ya vioo. Naambiwa lifti zake nzuri.”

Alikuwa hivyo. Ukimtafutia tumaini hukuti, na bado ukimtazama anafanya kazi ya mtu mwenye tumaini, kila Jumamosi, na rula yake. Nilimuuliza mara moja kama anaamini barua zinasaidia. Akasema hapana, akalamba bahasha ya bili ya umeme, akaniomba nimpelekee posta.

Sasa nije kwenye mtambo wa maji moto, maana hapo ndipo nilipomjua.

Baridi ya Julai hapa si mchezo, asikudanganye mtu kwamba Australia ni jua tu. Mtambo wa jengo letu ulikufa, na wiki tatu tukawa tunachemsha maji kwenye birika na kuogea ndoo, kama vile hatujatoka kambi ya wakimbizi. Ejenti wa nyumba tulimwandikia, akajibu kwamba suala letu limepokelewa. Limepokelewa! Nikaitisha kikao pale kwenye kamba za nguo. Akaja Papa Deo, Mkongo wa Uvira, mfanyakazi wa ghala, baba wa watoto wanne, mwandiko wake mzuri kuliko wetu wote. Wakaja na wengine. Mama wa Namba Tano akaja na ndoo yake, akaigeuza, akaikalia.

“Msiende wote,” alisema. “Mtu mmoja, bango moja, mlangoni kwa ejenti. Wengine wangoje kituo cha basi. Nusu saa, mnabadilishana.”

Tukamuuliza kwa nini. Akaeleza kwamba kwao sheria ilisema mtu akisimama na bango peke yake haombi kibali, kwa hiyo walisimama mmoja mmoja, na nyuma, mbali kidogo, foleni ya watu wanaongoja zamu zao. Siku moja polisi wakasema foleni nayo ni mkutano, wakachukua foleni nzima.

Papa Deo akacheka. “Maman, hapa si kule. Hapa tunaweza kuenda bote, na tukaimba.”

Alimtazama Papa Deo kama mwanafunzi aliyeleta jibu la mwenzake. Tukafanya kama alivyotaka, kwa heshima tu, na nakwambia, alijua anachokifanya. Kundi la Waafrika wanaopiga kelele lingefungiwa mlango. Lakini mtu mmoja amesimama kimya, Papa Deo na suti yake ya kanisani, bango limeandikwa vizuri kwamba watoto wake wanaoga maji ya baridi, kila mteja anayeingia analisoma, halafu anaondoka yeye anakuja mwingine, halafu mwingine. Waliokuwa ofisini walishindwa wamjibu nani. Siku ya tatu fundi alikuja.

Nilioga maji moto nikalia humo bafuni. Nikatoka, nikachukua simu, nikaandika kwenye gurupu letu la jengo kama inavyotakiwa. Moyo usio na shukrani hukausha mema yote, ndivyo nilivyolelewa. Asante Mama fulani namba tatu kwa chai. Asante Baba fulani namba saba kwa mbao. Na asante ya pekee kwa Papa Deo, namba tisa, aliyeandika mabango yote na kutupanga zamu, bila yeye tusingefika. Nikatia mikono inayoomba, nikatia maua.

Haikupita robo saa nikasikia hodi. Mama wa Namba Tano hakuwahi kupanda ngazi zangu hata siku moja. Alikuwa anahema, koti halijafungwa, simu mkononi imefunguka kwenye gurupu letu.

“Futa.”

“Nifute nini?”

“Majina. Futa majina.”

Binti yangu Furaha akasema kwa Kiingereza chake kile cha kukata tamaa, “Mum, just delete it.” Nikakasirika. Yaani mtu asiyejua kusema asante ananifundisha kutoshukuru! Nikamwambia, mama, hapa ni Australia, hakuna anayefungwa kwa kuandika bango. Akanishika mkono, mkono wake ulikuwa baridi, akauliza kwenye gurupu hili kuna nani. Nikamwambia sisi wenyewe. Wenyewe tu? Wenyewe, na msimamizi wa jengo.

Ndiyo, msimamizi, kijana wa ejenti anayetoa mapipa. Nilimwingiza mimi. Alikuwa amejifunza kusema “habari gani”, na kila akitusalimia sisi tulichanua meno, tukamwona ni wetu. Kiswahili kingine hakujua. Lakini majina na namba za nyumba hazihitaji mkalimani.

Sikufuta. Mama wa Namba Tano alisimama pale mlangoni muda mrefu, halafu akashuka, akishika ukuta.

Baada ya wiki sita Papa Deo alipata notisi. Mkataba wake hauendelezwi, mwenye nyumba anataka kukarabati namba tisa. Namba tisa, iliyokuwa safi kuliko zote! Wengine hatukuguswa. Kama ni ile asante yangu au siyo, hakuna aliyetuambia, na ejenti ukimuuliza anatabasamu. Papa Deo alipanda kwangu na ile karatasi mkononi. Hakupaza sauti. Heri angepaza.

“Mama Furaha, ni wewe uliandika jina yangu?”

“Nilikuwa nakushukuru, Papa Deo.”

“Ndiyo. Ulinishukuru.” Akaikunja karatasi mara mbili, tatu. “Batoto bameshazoea masomo hapa. Haya.”

Walihamia Liverpool, si ile ya Uingereza, ni mtaa wa huku huku kwetu. Nimemwandikia mara ngapi. Alama mbili za buluu zinatokea, amesoma, basi.

Siku walipoondoka, Mama wa Namba Tano alinipandia tena, na matango. Alikaa kwenye kochi bila kukaribishwa. Simu yake ameiacha kwenye friji. Ndipo aliponiambia kilichokuwa nyuma ya zile barua za ndege.

Kwao, kila baada ya siku ya kukamatwa watu, yeye kama mshika gurupu aliandika shukrani. Kwa majina na kwa ngazi. Nani aliendesha gari, nani alibeba chupa, nani alingoja kituoni mpaka mwisho. Alisema mwalimu hawezi kuona kazi nzuri akanyamaza. Na alikuwapo fundi wa lifti wa ngazi ya tatu, mtu mkimya, aliyechapa karatasi zao zote na kuzibandika. Mkewe alimwona mjinga, wakubwa wake kazini walimwona mjinga, kwa hiyo Mama wa Namba Tano alimshukuru yeye kuliko wote. Bila yeye tusingefika, aliandika. Aliandika hivyo mara nyingi.

Na ndani ya gurupu alikuwapo mtu wa polisi, naye alijua rangi ya paka.

“Walizisoma mahakamani,” alisema. “Shukrani zangu. Ukurasa baada ya ukurasa, kwa sauti kama ya mtu anayesoma orodha ya vitu vya jikoni. Hawakuwa na ushahidi mwingine. Wakamwita kiongozi. Hakuwa kiongozi, alikuwa na mashine ya kuchapa. Mimi ndiye niliyempa cheo.”

“Na wewe?”

“Mimi bibi mstaafu. Waliniambia niende nyumbani.” Akachukua tango moja. “Yule fundi aliniangalia mara moja. Nataka kujua aliniangalia vipi. Basi. Mstari mmoja unatosha.”

Nilitamani ardhi ipasuke. Tulikaa tukala matango mpaka Furaha akarudi kutoka shule.

Mwaka uliofuata alianguka bafuni akavunjika nyonga. Kutoka hospitali hakurudi namba tano. Aliletwa nyumba ya wazee kule Mount Druitt, na kama Mungu anavyopenda mizaha yake, ndiyo ile ninayofanya kazi mimi. Nikawa namwosha, namvalisha, namsukuma mpaka dirishani. Hakunishukuru hata siku moja, na kwa mara ya kwanza nikalielewa hilo kuwa ni pendo. Jumamosi aliendelea kuandika, mistari ikaanza kupinda hata kwa rula.

Asubuhi moja ya Septemba niliingia na chai nikamkuta ameketi wima, miwani usoni, rula mkononi, na karatasi mezani. Binti yake alikuwa ameileta jana. Yule mama wa kule anayetia barua posta alipokea barua kutoka gerezani, ya kwanza, akaipiga picha na kuwatumia wote waliowahi kumwandikia fundi wa lifti.

“Amejibu!” nikapiga kelele. Wazee wa chumba cha pili wakashtuka.

“Soma,” akasema, huku akijua siwezi kusoma maandishi yao. Akanisomea mwenyewe. Ni mzima. Baridi kali. Vitabu vinapatikana. Halafu, nawashukuru sana hawa. Na chini ya hapo, mstari juu ya mstari, pau nyeusi. Alikuwa ametaja majina. Naye mwenye wino mweusi alikuwa ameyafuta yote. Kumi na moja.

Kwenye karatasi nyingine Mama wa Namba Tano alikuwa ameandika jina lake mwenyewe na la baba yake, kama wanavyoandika kwao, tena na tena. Alikuwa anaiga mwandiko wa yule bwana. Aliujua kutokana na matangazo aliyokuwa akibandika kwenye jengo, lifti mbovu, tumieni ngazi. Aliandika, akapima, akarudi kwenye pau, akapima. Pau fupi alizitoa. Zilibaki pau mbili zenye urefu unaokaribia wa jina lake, ya nne na ya tisa.

“Ni wewe, mama,” nikasema. “Ya nne. Lazima ni wewe.”

“Usinigawie alama za bure.” Hakuinua macho. “Ngazi ya kwanza kuna mwanamke, jina lake lina idadi ya herufi sawa na langu. Naye alikuwa anaandika barua.”

“Basi yeye ya tisa, wewe ya nne.”

“Au yeye ya nne, na ya tisa ni mtu nisiyemjua. Hesabu haifiki, jirani. Nimeifanya tangu alfajiri.”

Nilimpa chai, hakuinywa. Nikapiga magoti kumvalisha soksi, na hapo, juu ya kichwa changu, akaniuliza kama Papa Deo amejibu. Nikasema bado. Akauliza anakaa wapi siku hizi. Liverpool, nikasema. Ni mbali? Si sana, mama, unabadilisha treni Blacktown.

Akaiweka rula mezani. Nilidhani amechoka.

“Mimi kati yangu na yeye kuna dunia nzima, na yule mtu wa wino,” alisema. “Wewe una treni.”

Alifariki kabla ya Krismasi. Binti yake alitaka kunishukuru, nikamwomba aache. Aliniambia pia habari aliyoipata kwa yule mama wa posta, kwamba barua mbili za mwisho zilirudi, fundi wa lifti amehamishwa gereza na hakuna anayejua lipi.

Namba ya nyumba ya Papa Deo ninayo, mtaa ninao. Blacktown nimeshakwenda mara nyingi tangu hapo kununua unga na samaki. Nikishuka naiona treni ya Liverpool imesimama jukwaa la pili, milango wazi, watu wanaingia. Nasimama naitazama mpaka milango inafungwa. Halafu nanunua unga, narudi Doonside.